Ghuba ya Chwaka na Saa ya Maji

Kutoka Mjini Unguja hadi Chwaka ni mwendo wa kilomita 32 hivi, na katika mwendo huo mfupi msafiri hukikata kisiwa kutoka magharibi hadi mashariki. Upande wa Mjini udongo ni mwekundu na mzito, una minazi na miembe iliyoshiba. Gari ikishapita Dunga, miti inapungua kimo, mawe ya matumbawe ya kale yanaanza kuchomoza, na mkulima unayemwona anachokoa udongo baina ya jiwe na jiwe. Halafu barabara inaishia baharini. Nilifika Chwaka mwezi wa Machi, nikarudi tena Agosti ya mwaka huohuo, na safari zote mbili zilikuwa na swali moja: joto la maji ya ghuba hii linaamuliwa na nini? Swali linaonekana jepesi. Mtu yeyote wa pwani atakujibu papo hapo kwamba kaskazi maji huwa ya moto na kusi huwa ya baridi, na atakuwa amesema kweli. Lakini ukweli huo ni wa bahari ya nje. Ghuba ina mambo yake, na nakusudia kuonyesha kwamba anayehesabu misimu peke yake, asihesabu mwezi wala saa ya maji kutoka, hataelewa kwa nini mwani unaolimwa humo hufa siku fulani na kusalimika siku nyingine za msimu uleule.

Tuanze nje, kwa sababu ghuba hunywa kutoka huko. Maji yanayopita mbele ya Unguja yana asili ya mbali. Hutoka mashariki ya Bahari ya Hindi yakisukumwa na upepo kuelekea magharibi, hupita kaskazini ya Madagaska, kisha huipiga Afrika karibu na Rasi Delgado, pale Tanzania na Msumbiji zinapopakana. Hapo hugawanyika: sehemu moja hushuka kusini, nyingine hupanda kufuata Mtwara, Mafia, Unguja na Pemba hadi Kenya. Sehemu hii ya pili ndiyo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, na ajabu yake ni kwamba hapa kwetu haugeuki. Mwaka mzima huenda kaskazini, hata upepo wa kaskazi unapoupinga uso kwa uso. Kinachobadilika ni kasi. Wakati wa kusi, upepo na mkondo vikishika njia moja, maji huweza kwenda mita moja na nusu hadi mbili kwa sekunde, kama mtu anayetembea kwa haraka. Kaskazi ikivuma, kasi hushuka hadi nusu ya hapo au chini yake, na huko mbele, upande wa Malindi na Lamu, mkondo wetu hukutana na ule wa Somalia unaoteremka kusini wakati huo, kisha maji yote hugeuka kuelekea mashariki, bahari kuu. Joto la maji ya juu katika mkondo huu ni karibu nyuzi 25 au 26 mwezi wa Agosti na Septemba, na karibu nyuzi 29 hadi 30 mwezi wa Machi na Aprili. Yaani kutoka baridi ya mwaka hadi joto la mwaka ni hatua ya nyuzi nne au tano tu.

Hatua hiyo ni ndogo kwa mtu, lakini kwa viumbe wasioweza kuhama ni kubwa. Matumbawe yaliyozoea kilele fulani cha joto huanza kupauka maji yakikaa nyuzi moja tu juu ya kilele hicho kwa wiki kadhaa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998, baada ya El Niño, pale miamba ya Tutia kule Mafia na ya Misali kule Pemba ilipopoteza sehemu kubwa ya matumbawe yake, na kupauka kukarudi tena pwani hii mwaka 2016. Mara zote mbili mambo yaliharibika katika miezi ileile, Machi hadi Mei, wakati kaskazi imechoka na kusi haijasimama. Mabaharia wetu huuita wakati huo maleleji: upepo haujui uende wapi, bahari inalala kama mafuta kwenye sahani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi huliruka, nami naliona ndiyo ufunguo wa habari yote. Chwaka iko nyuzi sita kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka: wiki ya kwanza ya Machi linapopanda kaskazini, na wiki ya pili ya Oktoba linaporudi kusini. Jua la Machi na jua la Oktoba, kwa urefu wake angani, ni jua moja. Kama jua peke yake ndilo lingepika bahari, basi Machi na Oktoba zingekuwa sawasawa. Haziko sawa. Oktoba bahari bado ni ya ubaridi, imetoka katika miezi ya kusi ambapo upepo mkali uliikoroga hadi chini, ukachanganya maji ya juu na ya chini, na ukaipokonya joto kwa kuyageuza maji mvuke. Machi bahari imetoka katika miezi ya kaskazi, upepo wake ni mwepesi zaidi, tabaka la maji ya moto la juu ni jembamba na halijakorogwa vya kutosha, na joto la miezi mitatu limejilimbikiza. Bahari ina kumbukumbu, na ukitaka kujua joto la leo uliza pia upepo wa miezi iliyopita.

Sasa tuingie ndani. Ghuba ya Chwaka imefunguka upande wa kaskazini, ikikumbatiwa mashariki na rasi ndefu ya Michamvi, magharibi na vijiji vya Chwaka, Marumbi na Uroa, na kusini na msitu wa mikoko, michu na mikandaa ambao tangu mwaka 2004 ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Maji yakijaa bamvua, yaani yakijaa kupita siku zote, ghuba hutanda karibu kilomita za mraba 50, na ukiangalia kutoka ufukweni utadhani ni bahari ya kina. Sivyo. Wastani wa kina chake ni mita tatu na kidogo. Tena bamvua katika pwani hii huinua na kushusha maji mita tatu hadi nne. Ukiviweka vipimo hivi viwili pamoja utaona kilichopo: chombo kipana kama sinia, ambacho siku za bamvua hujazwa na kumwagwa karibu chote, mara mbili kwa siku. Maji yakitoka, chini hubaki majani ya baharini yamelala upande mmoja, vidimbwi, mchanga mweupe, na mifereji michache ambako maji hukimbia kutafuta mlango.

Maji hutoka saa ngapi? Siku za bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji katika pwani ya Unguja hujaa kama saa 10, alfajiri na jioni, na hutoka kabisa kama saa 4 na nusu, asubuhi na usiku, yakichelewa kidogo kila siku inayofuata. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: kujaa huwa karibu saa 4 asubuhi, na kutoka huwa saa 10 au 11 jioni, tena kwa tofauti ya mita moja tu. Hili halibadiliki mwaka hadi mwaka, kwa sababu bamvua huja jua na mwezi vikiwa kwenye mstari mmoja na dunia, hivyo saa yake ya jua kila bandari ni ileile daima. Ziko pwani nyingine ulimwenguni ambako maji ya bamvua hutoka alfajiri na magharibi, na huko jua la mchana hukuta kina kirefu. Sisi tumepangiwa vingine: siku ambazo maji hutoka mbali zaidi ndizo siku ambazo hutoka jua likiwa juu. Kati ya saa 4 na saa 7 mchana, maji machache kabisa ya mwezi mzima huwekwa chini ya jua kali kabisa la siku nzima.

Simama kwenye shamba la mwani saa hiyo, mwezi wa Machi. Kuna vijiti viwili viwili vilivyokitwa mchangani, baina yake kamba nyembamba, na juu ya kamba, kila baada ya kiganja kimoja, kishada cha mwani kimefungwa kwa taitai. Maji yaliyobaki hayafiki goti, pengine hayafiki kifundo cha mguu. Ncha za matawi zimetokeza hewani, na zile zilizobaki ndani zimezungukwa na maji yaliyosimama, ya uvuguvugu unaosikika ngozini kabla hujainama kuyashika. Hesabu yake si ngumu. Jua la mchana usio na wingu humwaga karibu wati 900 kwa kila mita ya mraba. Maji ya kina cha mita kumi yakipokea joto hilo lote yangehitaji kama saa 12 kupanda nyuzi moja. Maji ya kina cha mita moja yangehitaji saa moja na robo. Maji ya sentimita 20, robo saa. Najua hesabu hii inazidisha, kwa sababu mchanga mweupe hurudisha sehemu ya mwanga juu, na maji yakipata moto hupoteza joto kwa mvuke na kwa upepo. Punguza basi hata nusu yake. Bado saa tatu za utulivu zinatosha kuyapandisha maji yale kutoka 30 hadi 35 na kuendelea, na kweli vipimo vilivyochukuliwa katika maji mafupi ya pwani ya mashariki ya Unguja vimesoma zaidi ya nyuzi 35. Bahari iliyo nje ya mwamba, umbali wa macho tu, haijawahi kufika huko.

Juu ya hayo, Machi ina bahati mbaya nyingine. Bamvua kubwa kabisa za mwaka huja karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, yaani mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Septemba. Septemba bamvua hukuta bahari ya nyuzi 26 na upepo wa kusi ungali unavuma. Machi bamvua ileile hukuta bahari ya nyuzi 29 au zaidi, jua karibu na utosi, na maleleji isiyo na pumzi. Mambo manne yanakutana saa moja: maji ya nje yaliyokwisha pata moto, jua wima, upepo uliokufa, na maji yaliyotoka mbali kuliko siku zote. Ondoa moja tu kati ya hayo, mwani unapona. Ndiyo maana nasema msimu ni nusu ya habari. Mwezi uleule wa Machi una siku za maji mafu ambapo mwani hufunikwa saa zote za jua kali, na siku hizo hazifanani hata kidogo na siku za bamvua, ijapokuwa kalenda ya misimu inaziita zote kwa jina moja.

Mtu anaweza kunijibu kwamba saa tatu za joto haziwezi kushinda wastani wa mwezi mzima, kwamba mmea huishi kwa wastani, na kwamba satelaiti zinatupa wastani huo bila ya mtu kulowa. Jibu langu la kwanza ni kwamba hakuna kiumbe anayeishi kwa wastani. Mtu aliyetumbukizwa kwenye maji yanayochemka dakika moja na kwenye maji ya baridi saa nzima amepata wastani mzuri. Jibu la pili ni la satelaiti zenyewe. Kinachopimwa huko juu ni ngozi ya bahari, kwa miraba ambayo mara nyingi ni ya kilomita moja au zaidi, na mraba unaogusa nchi kavu huchanganya mchanga na maji au huachwa kabisa. Chwaka ni ghuba ambayo siku za bamvua, mara mbili kwa siku, nusu yake ni nchi kavu. Nimeziangalia ramani za rangi za joto la bahari. Ni nzuri kwa kufuatilia mkondo wa nje na kwa kuonya miamba. Kwa shamba la mwani lililo mita mia tatu kutoka ufukweni hazisemi chochote.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mkondo. Kama ghuba humwagwa na kujazwa mara mbili kwa siku, mtu atasema, basi joto la mchana huondoka na maji, na jioni huingia maji mapya ya bahari, kwa hiyo hakuna cha kulimbikizwa. Kuvuka kwa mashua kutoka Chwaka hadi Michamvi Kae kunasaidia kulipima wazo hili, kwa sababu njiani rangi ya maji hubadilika machoni. Karibu na mlango wa ghuba maji ni ya samawati safi. Kusini, yanakotoka Mapopwe, mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko, ni ya rangi ya chai. Hakuna mto unaomwagika Chwaka. Maji matamu huja kwa mvua na kwa chemchemi zinazopenya chini ya mawe, kwa hiyo chai ile si maji ya bara. Ni maji ya bahari yaliyokaa sana. Yameingia msituni, yametandaa juu ya tope baina ya mizizi, yamepata rangi na joto, na sasa yanatoka. Lakini kabla hayajafika mwambani maji yanageuka na kuingia tena, na sehemu kubwa ya yale yaliyotoka inarudi ilikotoka. Mlango wa ghuba husafishwa kweli kila siku. Ndani kabisa, kuelekea Charawe na Ukongoroni, maji yaleyale huenda na kurudi kama mtu anayepungia upepo chumba kilichofungwa.

Hapa maji mafu, ambayo nimeyasifu kwa kuufunika mwani mchana, yana dhambi yao. Tofauti ya mita moja haibadilishi maji mengi. Ikikutana na maleleji, ghuba ya ndani hukaa siku tano, sita, ikipata joto mchana na kulibakisha sehemu yake usiku. Kwa hiyo Chwaka ina joto la namna mbili: lile la ghafla la bamvua linalopiga maji mafupi kabla ya adhuhuri, na lile la polepole la maji mafu linalopanda siku baada ya siku katika ghuba ya ndani. La kwanza huunguza ncha. La pili huchosha mmea mzima, kisha bamvua inayofuata ikaukuta umekwisha choka.

Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani kwa biashara kilianza mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, hazina ghuba lakini zina mwamba mbele yao, na huko jambo la mkondo linaonekana wazi zaidi. Wakati wa kusi mawimbi hupanda juu ya mwamba na kumwaga maji ya bahari kuu ndani, yakajikusanya, kisha yakatafuta milango ya kutokea. Mawimbi ni pampu. Hata bila ya kupwa na kujaa, maji ya ndani hubadilishwa. Agosti niliyaona mawimbi hayo yakivunjika mstari mrefu mweupe, na maji ya ndani yalikuwa yanakwenda hata pale yalipokuwa mafupi. Mwani ulikuwa umelala upande mmoja kama nyasi zenye upepo. Machi pampu ilikuwa imezimwa. Anayesema kusi ni msimu mzuri wa mwani kwa sababu maji ni ya baridi amesema nusu: ni msimu mzuri pia kwa sababu maji hayasimami.

Wapo watakaosema kwamba haya yote wazee wanayajua, hivyo vipimajoto ni anasa. Nami nakubali kwamba wanayajua, kuliko tunavyowapa haki. Watu wa pwani hii wamekuwa na kalenda mbili tangu zamani. Moja ni ya jua, inayoanzia Nairuzi, ile siku ya mwaka ambayo Makunduchi huisherehekea kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Ina siku 365 zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na kwayo wakulima na mabaharia wamehesabu pepo na mvua. Ya pili ni ya mwezi, na kwayo mvuvi wa madema anajua bila kuuliza kwamba mwezi mosi na mwezi kumi na tano maji yatatoka mbali. Kalenda ya jua haikwambii bamvua. Kalenda ya mwezi haikwambii kaskazi, kwa kuwa miezi yake huzunguka mwaka mzima. Hoja yangu yote ni kuziweka kalenda hizi mbili juu ya meza moja. Kinachokosekana kwa wazee si elimu ya mpangilio, ni namba. Mzee anajua kwamba bahari ya sasa ina moto kuliko ya ujana wake, lakini ujana wake haukuandikwa, na bila ya maandishi hatuwezi kutofautisha mwaka mbaya na mabadiliko ya kudumu.

Wengine watanirudisha kwenye maradhi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, ulianza kufa kwa wingi Unguja: matawi yakawa meupe kama barafu, yakalainika, yakakatika. Wakulima wengi wakabaki na spinosumu, unaostahimili zaidi na kulipa kidogo. Sababu zilizotajwa ni nyingi, na zina ukweli: vijidudu, magugu madogo yanayoota juu ya mwani, mbegu ambayo kwa miaka yote hii ni kipande kilichokatwa kutoka kipande, isiyopata damu mpya. Sipingi hata moja. Lakini vijidudu hivyo viko majini mwaka mzima, na mbegu hiyo ni ileile Agosti na Machi. Ukiona ugonjwa unaochagua msimu, tafuta kinachobadilika na msimu. Kotonii hustawi baina ya nyuzi 25 na 30 hivi. Hapo juu yake mmea hudhoofu, na aliyedhoofu ndiye anayeshambuliwa. Joto linafungua mlango ambao wengine wanaingilia.

Kutokana na hoja hii linakuja shauri ambalo Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa Zanzibar, amelifanyia kazi kwa miaka mingi pamoja na wakulima wenyewe: kuuhamisha mwani kutoka maji mafupi hadi maji yenye kina, ukielea kwenye nyavu zilizoshonwa kama mirija mirefu. Hesabu ya sentimita 20 na mita kumi inaonyesha kwa nini shauri hili ni sahihi. Pingamizi lake ni la haki, na halihusu sayansi. Walimaji wa mwani Zanzibar ni zaidi ya watu 20,000, wengi wao wanawake, na walichagua kazi hii kwa sababu waliweza kuifikia kwa miguu maji yakitoka, wakarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Maji yenye kina yanataka chombo, yanataka kujua kuogelea, yanataka mtu wa kushika pondo. Anayewaambia wahamie kilindini bila ya kuwapa mashua amewaambia waache kazi. Basi na tusiseme kina kirefu kwa kila mmoja. Ndani ya Chwaka yenyewe ipo mifereji ambayo haikauki hata bamvua ya Machi, na maji yake hutembea saa zote. Mita moja ya maji yanayokwenda ni kinga kubwa kuliko nusu mita ya maji yaliyosimama, na mifereji mingine hufikika kwa miguu. Nani ameipima mifereji hiyo, joto lake na kasi yake, siku za bamvua saa 5 asubuhi? Huko ndiko utafiti ungelipa haraka.

Si kwamba Chwaka imesahauliwa na wataalamu. Mwaka 2012 kilitoka kitabu kizima cha utafiti juu ya ghuba hii, watu wake na viumbe wake, na ghuba chache za Afrika Mashariki zimepata heshima hiyo. Lakini mtafiti huja na chombo chake, hukaa miezi, huondoka na daftari. Mabadiliko ya joto hayasomwi kwa miezi; yanataka mtu yuleyule, mahali palepale, saa ileile, mwaka baada ya mwaka. Kazi hiyo ni ya wanaoishi pale.

Kwa hiyo neno langu ni kwa walimu wa skuli za Chwaka, Marumbi, Uroa, Michamvi na Charawe, na kwa vikundi vya wakulima wa mwani. Tafuteni kipimajoto cha maji. Chagueni vituo vitatu: shamba lililo karibu na ufuko, mfereji usiokauka, na ukingo wa mikoko. Kila mwezi mosi na mwezi kumi na tano pimeni saa 4, saa 5 na saa 7 mchana, na kila siku ya maji mafu pimeni saa hizohizo. Andikeni tarehe zote mbili, ya jua na ya mwezi, na upepo uliokuwako. Anzeni kabla ya Machi, ili bamvua ya kwanza ya maleleji iwakute mmekwisha kuwa na daftari.